Mti wa Mpaka Nyuma ya Jikoni

Mapenzi, rafiki yangu wa usichana, amekufa, na siku chache baada ya mazishi mwanawe Amani alinipigia simu kutoka Ntoto kuniuliza habari ya mti. Mtandao ulikuwa mbaya, sauti inakuja na kupotea, nami nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa chumba ninachokodi hapa Sake, simu mkono mmoja, mwiko mkono wa pili. "Mama Sifa," aliniambia, "ile muti ya koko yenu Veronika ingali hapa nyuma ya jiko. Tunataka kupanua jiko, lakini bazee banakataa tuiguse. Banasema mwenye aliipanda njo anaweza kuitoa, na kama alishakufa, ni murithi yake. Sasa ni weye." Nilimwomba anipe hadi kesho. Bugali ikaungua kwenye sufuria nikiiona. Mimi ni mtu mzima, nina wajukuu wa kunicheka, lakini niliogopa kama siku ile ya kwanza nilipouona ule mti ukichipua, na nikajua kwamba ule mwaka wa Ntoto haujaniacha.

Sitaeleza ukoo wetu, nani alimzaa nani. Naanzia Muheto, kwetu vilimani, asubuhi moja ya mvua, nikiwa msichana wa miaka kumi na minne, siku risasi ziliposikika kwenye kilima cha pili na watu wakaanza kushuka njiani na magodoro kichwani. Mama alikuwa anafunga mzigo: blanketi, chumvi, jembe, sufuria. Fundo lilimshinda, akalifungua na kulifunga upya. Koko Veronika, mama yake marehemu baba, hakuonekana. Tulimwita, tukamwita tena, kumbe alikuwa ameshuka mwisho wa shamba na panga lake, ameinama kwenye pembe ya chini, anakata kipande cha mti wa mpaka. Alipanda na kipande hicho, kirefu kama mkono wangu, akakifunga ndani ya jani bichi la ndizi taratibu kabisa, kama mtu anayefunga kwanga, ule mkate wa muhogo, ya kupeleka sokoni. Mama alipandisha sauti, jambo ambalo hakulifanya kamwe mbele ya mama mkwe wake. "Mama, bantu banakufa, weye uko unakata muti!" Koko akatoa sufuria kwenye mzigo, akaweka mti mahali pake. "Sufuria utaikuta kwa bantu," alisema. "Hii utaikuta wapi?" Tukaondoka bila sufuria.

Ni lazima niseme mti huo ni nini, maana watoto wa mjini hawaujui tena. Ni mti mwembamba wa majani marefu, hauzai tunda, hauna kivuli cha maana, kuni zake hazina moto. Sifa yake ni moja: haufi ovyo. Kwetu shamba la ukoo lilijulikana kwa mti huo kwenye pembe zake. Mwanamume akimpa mwanawe sehemu, alikata kipande kwenye mpaka wake mwenyewe na kukisimika kwenye mpaka mpya, majirani wamesimama pale wanatazama, kisha watu wanakunywa. Kwa hiyo miti yote ya shamba letu ilikuwa uzao mmoja, na mtu aliyeiona alijua ni ya nani hata kama wenyewe hawapo. Nami niliyajua hayo yote, kama watoto wote wa Muheto walivyoyajua, lakini asubuhi ile niliona tu bibi mzee anayetuchelewesha.

Njia ya kwenda Ntoto inaingia msituni, na mimi nilikuwa mtoto wa vilima, nimezoea kumwona mtu angali mbali. Msituni humwoni mtu mpaka amekufikia. Nilijifunza kuogopa kwa masikio. Tawi likivunjika tulilala chini, Mama ananiziba mdomo kwa kiganja chake ingawa sikuwa nasema kitu, na Koko analalia ule mzigo wa jani la ndizi. Tulikuwa tunamwendea Papa Mashauri, mkulima na mwindaji, ambaye zamani alikuwa analala kwetu kila alipopandisha mawese kwenye soko la Masisi. Hatukuwa na uhakika kama atatukumbuka. Alitukumbuka. Alitutazama tulivyolowa, akamwita mke wake, akasema, "Mama Mapenzi, weka maji ku moto, bandugu bamefika," na Mama akakaa chini palepale uwanjani akalia.

Walitupa chumba kilichoshikana na jikoni, walimokuwa wanaweka bidoni za mawese, madumu yale ya plastiki, na juu yetu nyama ya pori ilikaushwa na moshi uliopenya kwenye ukuta wa udongo. Tulikula bugali ya muhogo na sombe, yaani majani ya muhogo, asubuhi muhogo wa kuchemsha, na Koko alikuwa anaota biraya, viazi vya kwetu, na maziwa ya Masisi, anayataja majina ya vilima ambavyo biraya zake ni tamu. Mapenzi, msichana wa umri wangu, binti wa nyumba, alinicheka nilipokabwa na bugali: "Angalia muntu ya maziwa!" Kisha alinifundisha kuimeza. Ndiye aliyenipa kitenge chake cha pili, bila kuombwa na bila kukitaja tena. Nilimpenda tangu siku hiyo.

Lakini woga uliishi nasi kwenye chumba kile. Watu wenye silaha walikuwa wanapita Ntoto, leo hawa, kesho wale, na swali lao lilikuwa moja: wageni wako nyumba gani? Papa Mashauri alikuwa anatoka kuwapokea na kusema, "Hapa hakuna mugeni. Hawa ni bandugu ya bibi yangu, Mama Mapenzi." Sisi tulikuwa ndani, tumeshikana mikono, viatu vimepangwa karibu na mlango wa nyuma. Nilielewa vizuri kabisa, ingawa hakuna aliyenieleza, kwamba uhai wetu ulikaa kwenye neno hilo moja. Siku Papa Mashauri akichoka kulisema, tumekwisha. Ndiyo maana niliosha vyombo vyao kabla ya kuambiwa, nikachota maji yao, nikacheka kila mzaha wa kwao, hata ule usiochekesha.

Siku ya kwanza Papa Mashauri alitupa sehemu ya kulima, akatueleza masharti kwa upole sana. "Mupande maharagi, mupande karanga, mupande mahindi. Chakula ya musimu mumoja, mulime vile munataka. Ndizi hapana. Muti hapana." Mama akasema aksanti. Mimi nikaona ni jambo la haki, maana hata Muheto mgeni hapandi kitu cha kudumu kwenye udongo wa mtu. Kitu cha kudumu kinasema, mimi ni mwenyewe hapa. Koko naye aliitika. Kisha, jioni moja kabla ya giza, nilikuwa naosha miguu nyuma ya jikoni nikamwona amepiga magoti, anafukua udongo kwa kijiti. Jani la ndizi lilikuwa limenyauka kando yake. Alisimamisha kile kipande cha mti, akakanyagia udongo kwa kisigino, akaniona. Hakushtuka. "Ilianza kukauka," alisema. "Usiseme."

Sikusema, na kile kijiti kilinitesa. Kila asubuhi nilienda kukitazama nikimwomba Mungu kikauke. Nilisali kweli, kwa magoti, sala ambayo sidhani kama kuna mtoto mwingine ameisali. Mvua ikaja, na Mungu akajibu kwa kukichipuza: kwanza nundu, kisha ncha ya kijani, kisha majani mawili marefu yanayong'aa ambayo hata kipofu angeyagundua. Nilifikiria kuyafunika kwa matawi makavu, nikaogopa kwamba tawi kavu lililopangwa vizuri litavuta macho zaidi. Nikaacha. Usingizi ulinitoka. Nikisikia nyayo nyuma ya jikoni, hata za kuku, nilikaa kitako.

Aliyekiona ni Papa Tomasi, kaka mkubwa wa Papa Mashauri, mtu mrefu mkavu ambaye tangu mwanzo alitusalimia kwa kichwa tu. Alipita kutafuta kamba ya mbuzi. Mimi na Mapenzi tulikuwa tunamenya muhogo. Alisimama, akavua kofia, akainama, akatazama kwa muda mrefu, kisha akaondoka bila kamba. Mapenzi naye akaenda kutazama, akarudi ametumbua macho. "Sifa, nani alifanya vile?" Nikachukua muhogo mwingine, nikaendelea kumenya. Baadaye tukiwa chumbani, sauti za ndugu wawili zikatufikia kupitia ukuta, na Mama akaacha kupumua ili asikie.

"Bageni yako bameisha simika mupaka," alisema Papa Tomasi.

"Mupaka gani? Ni majani tu."

"Ku ng'ambo ya muto pia ilianzaka na majani tu. Baba alipokea bageni, bakapanda ndizi, akanyamaza juu ya huruma. Leo weye unaweza kuvuna kule?" Tukasikia Papa Mashauri akisogeza kigoda. "Njo unaona. Bakae mupaka siku ya Mungu. Kisha baende."

Mama alimgeukia Koko, na sijawahi kuona uso wa namna ile. Alitoka mbio hadi kwenye mti, akaushika, na Koko akamfikia na kumshika kifundo cha mkono. "Ukiitoa weye, tunaisha," alimwambia. Ilikuwa imani ya kwetu, na kumbe ilikuwa ya Ntoto pia: mti wa mpaka unatolewa na mkono uliousimika, au mkono wa mrithi wake; mkono mwingine ukiung'oa, unafungua kaburi ndani ya nyumba ya mwenye mkono huo. Papa Tomasi alikuwa amefika tena, na yeye pia alisimama mbali kidogo. Watu wazima watatu walikizunguka kijiti chenye majani mawili, na hakuna aliyeweza kuking'oa isipokuwa yule bibi mzee, naye hakutaka. Wakati mwingine nikikumbuka nacheka. Siku ile nilijificha nyuma ya bidoni.

Siku zilizofuata hakuna aliyetufukuza mezani, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Mama Mapenzi alituwekea chakula kilekile na kutoka. Papa Mashauri alikuwa anarudi kutoka mtegoni na kupita moja kwa moja chumbani kwake. Watu wenye silaha walionekana kwenye njia ya chini, na nilijiuliza kama safari hii atatoka kusema ni ndugu. Nilipanga viatu vyetu mlangoni, kisha nikavipanga tena. Nilihesabu mambo ya msituni: tawi, kiganja cha Mama mdomoni, miguu ya Koko iliyokuwa imevimba hata viatu havikuingia. Nilijua asingefika popote. Nilimchukia kidogo, na nilikuwa namwogopea sana, na sikujua kwamba mtu anaweza kubeba vyote viwili.

Jumapili, baada ya ibada, walikaa uwanjani kuamua shauri la mti: ndugu wawili, wazee wachache wa mji, na Papa Anselme, katekista, ambaye aliombwa aanze kwa sala akaanza kwa hotuba. Alisema jambo hili ni la urithi, na urithi ni mtakatifu, hata Maandiko yanasema tuna urithi mbinguni. Papa Tomasi akamkatiza. "Papa Katekista, hiyo neno urithi, ilitoka wapi? Mu luga ya babu yangu sijaisikia." Papa Anselme alikuwa mtu wa kweli, hakupenda kudanganya. Akasema ni neno la Waarabu. Lilipanda kutoka pwani na watu waliokuja kununua pembe za tembo. Kisha mapadri wakalichukua kuhubiri habari za mbingu, na tribinali, yaani mahakama, ikalichukua kwa mashamba.

"Basi bale bantu ya pembe beko wapi leo?" aliuliza Papa Tomasi.

"Balirudiaka kwabo."

"Na neno yabo?"

"Ilibakia."

"Njo ile naogopa," alisema Papa Tomasi, na aligeuka kumtazama Koko. Sauti yake haikuwa ya hasira tena. Wakati ule ndipo nilipoona kwamba mtu huyu mrefu aliyekuwa ananinyima usingizi alikuwa anaogopa, na woga wake ulikuwa wa aina moja na wangu: wa kuamka siku moja na kukuta huna mahali. "Mugeni anaenda, kintu yake inabakia. Na batoto betu batakuta muti pale, bataulizana ni ya nani."

Papa Mashauri aliuliza kwa sauti ndogo, kabla ya neno hilo kuja, wazee wa kale walisemaje? Katekista alifikiri. "Habakusema," alijibu. "Balionyesha na kidole." Na hapo Koko, ambaye hakuwa ameulizwa kitu, alisimama. Alishikilia bega langu kwa sababu ya miguu yake, akanibana kwa vidole kuliko miguu ilivyohitaji. Kumbe hata yeye aliogopa.

"Njo vile," alisema. "Balionyesha na kidole. Lakini mimi, Papa, niko hapa, na shamba iko Muheto. Nikinyosha kidole, inaonyesha pori yenu tu. Bale beko kwetu sasa batang'oa kila pembe. Batoto ya mutoto yangu batarudi, bataonyesha wapi? Hii muti babamukwe yangu aliikata ku ya baba yake. Kama ikikufia hapa, imekufa yote. Siyo kwenu nimesimika. Nimeiweka ipumue."

"Na mwanamuke anasimikaka mupaka?" aliuliza mzee mmoja.

"Banaume yangu beko wapi, Papa?" alisema Koko, na mzee akatazama chini.

Koko aliomba aongozwe hadi kwenye mti. Wote wakatufuata nyuma ya jikoni. Akapiga magoti, nami nikaogopa kwamba hatainuka tena, akachota udongo wa shinani pa mti, akaujaza kwenye kiganja cha Papa Tomasi, akavikunja vidole vyake juu ya udongo huo kimoja kimoja kama anavyofanyiwa mtoto anayetumwa dukani. "Udongo ni yenu," alisema. "Muti ni yangu. Sitasimika ya pili. Na nikikufia hapa, munizike mbali nayo, kwenye munazikaka bageni, ili kaburi isikuye kusema uongo kama hapa ni kwetu." Papa Mashauri akamwambia kaka yake kwamba mti mmoja si mpaka, mpaka unataka pembe. Papa Tomasi aliutazama mti, ngumi imefungwa. Kisha akasema kwamba mti ubaki, usiguswe na mtu wa Ntoto, na siku itakapobidi kutoka, mkono wa mwenyewe au wa mrithi wake ndio utoe ruhusa. Aliondoka na ule udongo mkononi. Nilimfuata kwa macho hadi alipopinda, na hakuwa ameufungua mkono. Wiki ileile watu wenye silaha walipandisha hadi uwanjani kuuliza wageni, na aliyetoka kuwaambia hapa hakuna mgeni alikuwa Papa Tomasi.

Mwaka ulipoisha njia ilifunguka. Koko alikata vipande kwenye ule mti, ambao ulikuwa umenipita urefu, tukarudi Muheto. Pembe zote za shamba zilikuwa tupu kama alivyosema. Alitembea pekupeku, anabonyeza udongo kwa kisigino mpaka anapata shimo la zamani, na majirani waliokuwa wamerudi walisimama wakatazama, wengine wakimsahihisha kidogo. Alikufa kwake, miaka kadhaa baadaye, kwenye kitanda chake, na biraya jikoni. Mimi niliolewa, nikafiwa, nikarudi kulima pale, na kwa miaka mingi nikasahau kuogopa.

Vita viliporudi nilikuwa sokoni. Sikurudi nyumbani hata kuchukua kitenge. Nilikimbia na wengine hadi Sake, na jirani yangu aliyepita kule baadaye amenieleza kwamba waliokalia mashamba yetu wameng'oa kila pembe. Nilimwuliza mara mbili: kila pembe? Kila pembe. Kwa hiyo Amani aliponipigia simu, mti wa nyuma ya jiko lao ulikuwa ndio pekee uliobaki, na nilikuwa na uwezo wa kusema usiguswe, na wazee wangenisikia. Usiku wote huo nilikuwa na neno hilo mdomoni. Lakini Mapenzi ndiye aliyenifundisha kumeza bugali, na jiko ni la watoto wake, na Koko aliahidi kwamba udongo ni wao.

Asubuhi nilimpigia. "Muikate," nilimwambia. "Mimi njo murithi, na nimetoa ruhusa. Lakini kabla ya kuikata, chota udongo pale chini, uweke mu mikono ya bazee. Na unikatie kipande moja, kama mukono ya mutoto. Uifunge na jani mubichi ya ndizi."

"Aksanti, Mama," alisema. "Lakini utaipanda wapi?"

Nikamwambia mtandao unakatika.

Kipande kilifika kwa pikipiki, jani bado bichi. Nilikata bidoni ya njano katikati, nikatia udongo niliouchota kando ya barabara, udongo usio wa mtu, nikausimamisha mti mle ndani, nikauweka kwenye mlango wangu. Juzi umetoa nundu. Leo asubuhi mwenye nyumba, mama mmoja mzuri ambaye hajawahi kunitolea neno baya, alipita na ndoo, akasimama. Na yeye anatoka vilimani, ambako mti wa mpaka unajulikana. Aliitazama bidoni kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Mama Sifa," aliuliza, "hii umepanda ni nini?"

"Ni maua tu, Mama," nilimwambia, na alipogeuka nikaisogeza bidoni mbali kidogo na ukuta wake.